Godoro la kukodi lililoniharibia usiku wa mlimani

Nilisema niache hasira ipoe kwanza ndipo niandike, lakini wapi. Kiangazi hiki tulipanda na mabegi mgongoni hadi kwenye kipito kati ya vilele viwili, tulale huko, asubuhi tushukie upande wa pili. Hema, jiko na magodoro ya upepo tulikodi kwa haohao waliotuandalia safari. Njia ilikuwa nzuri mno, sitaisimulia. Nina neno na godoro.

Nililijaza pumzi mpaka likawa gumu. Kabla usingizi haujanichukua, jiwe likaanza kunichoma nyonga. Nikawasha tochi, nikatega sikio kwenye vali: tsss. Mpira wa kizibo umechanika, na juu yake pamepakwa gundi, imekauka zamani. Yaani walijua!

Kuna wanaodhani godoro ni anasa. Huko juu ndilo linalokutenga na ardhi, na ardhi ndiyo inayokunyonya joto usiku kucha. Mfuko wa kulalia hata uwe mnene vipi, upande ulioulalia hubonyea na kuacha kuzuia baridi. Ongeza kwamba kila mita 1,000 unazopanda joto hushuka nyuzi kama 6, na kipitoni upepo hubanwa kati ya milima ukazidi kasi. Nilitandika begi tupu, kamba, koti la mvua, kila nilichokuwa nacho. Meno yaligongana hadi kulipopambazuka.

Kiongozi wetu simgusi. Ndiye aliyekataa tusipige hema kipitoni penyewe, akatushusha nyuma ya miamba. Usiku ule aliamka, akachemsha maji, akayatia kwenye chupa na kunipa niikumbatie. Alfajiri akatuondoa mapema, radi za mchana zisitukute juu. Kwa ajili yake nilikuwa tayari kusamehe yote na kuwasifu.

Kisha nikarudisha vifaa. Nikamwonyesha kijana wa mapokezi ile vali. Hata hakuinama kuitazama. "Dada, mlimani kuna baridi, ulitegemea nini?" Akaliviringisha godoro lilelile, akalipanga rafuni na mengine, tayari kwa mteja anayefuata.

Vifaa vyao msichukue hata wakiwapa bure. Lakini yule kiongozi nitamfuata tena, kwa hiyo nasema hivi: mkienda, lijazeni godoro palepale mbele yao, mlilalie, msitie saini mpaka nusu saa ipite. Wakinuna, na wanune.