Wakili wa nyumba na hela ya mchezo: uzoefu wangu Uingereza

Nimekaa na hili muda mrefu ili hasira zipoe, maana dada yangu alinikataza kuandika nikiwa bado natetemeka. Naona zimepoa. Wakili wangu wa nyumba na ofisi yake nawapa nyota tatu kati ya tano. Jina la ofisi silitaji, wanaonifahamu nitawanong'oneza.

Sisi tunaobeba boksi huku tunajua kudunduliza. Wapo wanaoweka benki, wapo wanaotuma kila senti kwenye kiwanja nyumbani, na tupo kina mama tunaocheza mchezo. Wetu una wanawake kumi na wawili, Watanzania watupu isipokuwa mmoja wa Mombasa, na kijumbe wetu, anayekusanya hela na kumkabidhi mwenye zamu, anakaa Slough. Kila mwezi mnatoa, mmoja anapokea, zamu inazunguka. Nimecheza miaka, na kila nilipopokea, hela ilikwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya nyumba. Ndiyo iliyotupatia, mimi na mdogo wangu wa kiume, malipo ya awali ya fleti ya vyumba viwili Northampton. Na ndiyo iliyonifanya nikione cha moto.

Wakili nilipewa na dalali. Ukishakubaliwa bei, swali lake la kwanza ni "una wakili?", na ukisita tu anakutumia jina. Si kosa kisheria. Ila mara nyingi wakili anamlipa dalali kwa kumletea mteja, na anapaswa kukwambia ni kiasi gani. Kwenye barua yangu ilikuwepo, ukurasa wa nyuma huko, kwa herufi ndogo. Nami niliona bei yao iko chini kuliko za wengine niliowapigia, nikasema basi, huyu huyu.

Mwanzo sina neno. Nilijaza fomu, pasipoti ikapigwa picha, uso wangu ukakaguliwa kwa simu. Upekuzi wa habari za nyumba ukaagizwa halmashauri, kwa watu wa maji na mitaro, na ule wa mazingira. Kwa mliozoea upekuzi wa kwa Msajili wa Hati, huku wanachimba zaidi, mpaka kujua kama barabara ya mbele ya nyumba inatunzwa na halmashauri au ni mzigo wa wenye nyumba.

Kisha ikaja ile simu.

Jina kwenye makadirio ya bei lilikuwa la wakili mwenyewe. Aliyepiga ni binti msaidizi ambaye sijawahi kuambiwa kama yupo. Hakuna habari za asubuhi. "Naona kila mwezi unamtumia hela mtu mmoja, halafu kila baada ya muda unapokea kiasi kikubwa kutoka kwake. Huyu ni nani?" Nikamweleza, taratibu, kwa Kiingereza kilekile ninachoandikia ripoti za wagonjwa na hakuna daktari aliyewahi kulalamika. Nikamwambia ni akiba ya pamoja, haina riba, haina faida, kila mtu anarudishiwa kile alichotoa. Kimya. Nasikia anabonyeza kompyuta. Halafu akasema: "Na kwa nini hukujiwekea benki mwenyewe, kama watu wengine?"

Kama watu wengine! Watu wengine gani? Wasomali wana mchezo wao, hagbad. Wajamaika waliofika nchi hii miaka ya 1950 walinunua nyumba zao za kwanza kwa pardner, ambayo ni mchezo huu huu, wakati mabenki yalikuwa yanawafungia mlango. Yaani mitaa mizima ya London ina nyumba zilizonunuliwa kwa hela ya zamu, na binti anayelipwa kushughulikia ununuzi wa nyumba anaishangaa kama nimemwambia nimeokota gunia la noti njiani.

Nataka nieleweke. Sigombani na sheria. Kanuni za kuzuia utakatishaji fedha za 2017 zinamlazimisha wakili kujiridhisha hela imetoka wapi, na asipofanya hivyo yeye ndiye anayeingia matatani. Ukipewa zawadi na mama yako watataka barua yake inayosema si mkopo na kwamba hatadai sehemu ya nyumba, pamoja na kitambulisho chake na stetimenti ya benki. Wakitaka stetimenti za miezi sita, wape. Wakitaka za mwaka, wape. Ninachogomba nacho ni kuombwa vipande vipande. Leo barua ya kijumbe. Nimeileta, sasa orodha ya wanachama. Nimeileta, sasa pasipoti za wanachama wote.

Hapo ndipo nilipodhalilika. Hebu fikiria unawaandikia wenzako kumi na mmoja kwenye kundi la simu: jamani, naombeni pasipoti zenu nimpelekee wakili wangu. Wawili walituma siku ileile, Mungu awabariki. Mmoja makaratasi yake bado yako Wizara ya Mambo ya Ndani, akaniuliza kama nataka kumponza. Mwingine akaniandikia pembeni, "Shoga, kumbe unanunua nyumba na ulitwambia unasaidia kwenu?" Kijumbe wa watu, mama mtu mzima mwenye heshima zake, ikabidi akae na daftari lake kuandika barua ya kujitetea kana kwamba ameshtakiwa.

Huku nyuma saa inakwenda. Wengi wananiuliza, ukishakubaliwa bei si nyumba yako? Hapana. England na Wales kukubaliwa bei si mkataba (Scotland wana utaratibu wao). Mpaka mawakili wabadilishane mikataba na wewe uwe umetoa amana, kwa kawaida asilimia kumi ya bei, muuzaji anaweza kuamka asubuhi akamuuzia mwingine na huna pa kumshtaki. Dalali alishaanza kunitumia ujumbe wenye meno kwamba muuzaji "anafikiria upya". Nikipiga ofisini naambiwa wamezidiwa, kila mtu anakimbizana na ushuru wa stempu, ile kodi ya kununua nyumba, kabla haujapanda Aprili 2025. Ndugu yangu, fleti yetu ilikuwa chini ya paundi 300,000 na wote wawili ndiyo kwanza tunanunua nyumba! Ushuru huo haukutugusa kabla wala baada ya Aprili. Wakimbizane wao.

Sasa nije kwenye kilichofanya nitoe nyota tatu. Ijumaa moja jioni alinipigia wakili mwenyewe, mzee, sauti ya upole, akaomba radhi kwa kunichelewesha. Akaniuliza kama najua fleti imebakiza miaka mingapi. Fleti nyingi huku hununui ardhi, unanunua miaka. Ni kama hati zetu za Tanzania za miaka 33, 66 au 99, ila anayekumilikisha si Serikali bali kampuni ambayo huenda usiione maisha yako yote. Yetu ilikuwa imebakiza 81. Dalali hakunong'ona, na mimi nilikuwa natazama jiko.

Mzee akanieleza kwamba ikishuka chini ya 80, kuongezewa miaka kunapanda bei, kwa sababu mwenye ardhi anadai nusu ya thamani ambayo fleti itaongezeka kwa kuongezewa miaka hiyo. Sheria ya 2024 imepitisha kuliondoa hilo, lakini kwa wakati ule kipengele chenyewe kilikuwa bado hakijaanza kutumika, na yeye hakutaka ninunue kwa kutegemea kitakachokuja. Akaniandikia barua ya kwenda kwa muuzaji. Bei ikashuka kwa kiasi kilicholipa gharama zote za wakili na kikabaki.

Na hakuishia hapo. Akauliza tunaandikishaje umiliki, mimi na mdogo wangu. Kwenye fomu lilikuwa sanduku la kuweka tiki tu. Akasema kuna namna mbili. Moja, mmoja akifa nyumba yote inakwenda kwa aliyebaki, hata kama marehemu ameacha watoto. Ya pili, kila mtu ana fungu lake lililoandikwa, na fungu hilo linaingia kwenye mirathi yake. Kwa Waislamu wenzangu, hili ulizeni kabla hamjasaini chochote, kwa sababu ile ya kwanza inawaruka warithi wote na hakuna shehe atakayeirekebisha baadaye. Na ya pili nayo inataka wosia ulioandikwa kwa sheria ya huku, la sivyo Serikali itagawa kwa hesabu zake. Dakika kumi za simu, na nilijifunza zaidi ya miezi yote ya yule binti. Mzee yule ni nyota tano. Ningeweza kumletea ubani.

Tukabadilishana mikataba, tukapewa funguo, tukala pilau sakafuni kwa kuwa meza ilikuwa haijafika.

Halafu ikaja hesabu ya mwisho.

Kuna mstari unasema uchunguzi wa ziada wa chanzo cha fedha, paundi 120, na VAT juu yake. Hizo ni zile barua za kijumbe. Ni zile pasipoti nilizoombaomba. Kazi niliifanya mimi, aibu niliibeba mimi, na ankara ikaja kwangu. Nilipouliza nikajibiwa na yuleyule binti, kwa mkato, kwamba imo kwenye masharti niliyosaini. Nikayasoma tena. Imo kweli, chini ya "gharama zinazoweza kujitokeza". Kama mlijua inaweza kujitokeza, mbona siku ya kwanza hamkuniuliza hela yangu ni ya aina gani?

Kwa hiyo anayetafuta wakili, achana na kuulizia bei kwanza. Muulize faili langu atalishika nani, na huyo mtu nitaongea naye lini. Mwambie mapema, kwa maandishi, nina hela ya mchezo, nina zawadi ya mama, nyingine ilipitia M-Pesa, mnataka karatasi zipi na mnatoza kiasi gani kuzisoma? Atakayebabaika, mwache. Mwenye leseni ya kuhamisha miliki za nyumba tu (licensed conveyancer) au wakili kamili, kwa nyumba ya kawaida wote wanafaa, mradi awe anashika simu.

Nimesoma tena nilivyoanza. Nyota tatu nazifuta. Mzee abaki na sifa zake, lakini ofisi ni ya wale wanaopokea simu, na ofisi naipa moja. Sawa, mbili, kwa ile miaka 81. Hapana, moja. Mzee mwenyewe ndiye bosi wa yule binti.

Malalamiko nimeshayaandika rasmi na kuyatuma kwao kwanza, kwa kuwa ndivyo utaratibu unavyotaka. Wana wiki nane za kujibu, wakishindwa au nisiporidhika naruhusiwa kwenda kwa Legal Ombudsman, wanaosikiliza malalamiko ya wateja dhidi ya mawakili, na huko hawatozi chochote. Sijaomba zile 120 peke yake. Nimeomba pia wanijibu kwa maandishi, kwa barua yenye nembo yao, hao "watu wengine" ni akina nani.