Mwaka mmoja wa shule ya awali: daftari la mwalimu limenifaa, ripoti ya muhula hapana

Mwanangu amemaliza mwaka wake wa kwanza wa shule ya awali. Aliingia akiwa na miaka 3 na miezi kadhaa, sasa ametimiza 4 na anaendelea. Jina la shule silitaji. Nitakayoyalalamikia huwa nayasikia pia kwa wazazi wenye watoto kwingine, na nitakayoyasifu shule yoyote ikiamua inaweza kuyafanya.

Nianze na linaloniudhi. Mwisho wa muhula tunapewa karatasi ya visanduku vitatu: amefikia, anaelekea, bado. Mwalimu anatia vema tu. Anatambua rangi, vema. Anahesabu hadi 10, vema. Muhula wa kwanza mwanangu alipata "amefikia" kwenye kuhesabu na "bado" kwenye kushirikiana na wenzake. Sikatai, yote mawili yalikuwa kweli, ila nilibaki na karatasi mkononi nisijue nifanye nini nayo.

Kumbe kazi yenyewe iko kwenye daftari. Kila mtoto ana lake, na mwalimu huandika mistari michache kila apatapo nafasi: tarehe, mtoto alifanya nini, alisema nini. Hasifu wala halaumu. Mzazi ukitaka kulisoma unakwenda shuleni, unakaa, unasoma.

Ile "bado" ya kushirikiana, kwa mfano, kwenye daftari ilikuwa hivi: "Amejenga matofali kando ya wenzake wawili. Hakuzungumza nao. Mmoja alipochukua jekundu, naye akatafuta jekundu." Hapo nikapata picha. Mtoto hakuwa mpweke wala mkaidi. Alikuwa anacheza sambamba na wenzake huku jicho liko kwao. Mtafiti Mmarekani Mildred Parten aliieleza hatua hii mwaka 1932, akiiweka kati ya kutazama wengine wakicheza na kucheza nao kwa kupangiana majukumu. Wengi leo hawaichukulii kama ngazi ya kupanda bila kurudi nyuma, maana mtoto yule yule anaweza kucheza na kundi asubuhi na mchana akataka kukaa peke yake. Muhula wa pili nikakuta hii: "Amemwambia mwenzake: wewe abiria, mimi dereva. Wamegombania usukani. Wameelewana kabla sijafika." Nilicheka peke yangu pale kwenye kiti kidogo.

Kwenye hesabu ndipo ripoti ilipojiaibisha kabisa. Mwanangu alikuja shuleni anatiririka hadi 20 kama wimbo, basi kisanduku kikatiwa vema siku za mwanzo tu. Mwalimu hakuridhika. Alimwekea vifuniko 5 mezani, mtoto akafika 7, maana ulimi ulikwenda mbio kuliko kidole. Akaulizwa, "Kwa hiyo viko vingapi?" Badala ya kujibu, akaanza kuhesabu upya. Alikuwa anajua mfuatano wa majina ya namba, lakini hajajua bado kwamba namba ya mwisho uliyoitaja ndiyo idadi ya vyote. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mtoto huyapata kwa nyakati tofauti. Miezi ikapita, siku moja daftari likasema: "Ameulizwa viko vingapi, amejibu vinne bila kurudia." Hiyo ndiyo hatua kubwa ya mwaka mzima, na kwenye ripoti haionekani, kwani kisanduku kilishatiwa vema zamani.

Kuandika sina mengi ya kusema. Alishika penseli kwa ngumi, mwalimu hakumlazimisha. Alimpa udongo wa kufinyanga, shanga za kutunga, vibanio vya nguo na vipande vifupi vya krayoni, kwa sababu kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi. Sasa anashika kwa vidole, anachora duara na msalaba. Pembetatu bado, na kwa umri wake si ajabu. Mistari ya mshazari huja baadaye. Kuna wazazi kwenye kundi letu la WhatsApp wanaotaka mtoto wa miaka 4 alete kurasa zilizojaa herufi kila jioni. Shule imewakatalia, nami hapo naipa shule heko.

Lakini kama ni jambo moja lililonifanya niandike haya, ni masikio. Daftari liliandika mara kadhaa: "Akipewa agizo akiwa amegeuka, hafuati. Akiuona uso wangu, anafuata." Kisha mwalimu akaongeza kwamba huzidi baada ya mafua, akaniomba nimpeleke akapimwe. Daktari akakuta majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Ni kitu cha kawaida kwa watoto wa umri huu na mara nyingi hukauka chenyewe ndani ya miezi mitatu hivi, ndivyo ilivyokuwa kwetu, ila wakati yapo mtoto anasikia kama aliyezibwa masikio. Kwenye karatasi ya visanduku hilo lingekuwa "hafuati maelekezo: bado", basi, na nyumbani tungemgombeza.

Kasoro ya daftari ni kwamba linategemea mtu. Mwalimu alipokwenda likizo ya uzazi, aliyeshika nafasi yake akaandika "Yuko vizuri" wiki nzima, na iliyofuata, na iliyofuata. Nilipouliza uongozi, nikaambiwa ripoti ndiyo rasmi, daftari ni hiari ya mwalimu. Jibu hilo sikulipenda. Kingine, daftari halitoki shuleni, kwa hiyo mzazi anayetoka kazini usiku hulisikia tu kwa wenzake.

Nikitoa nyota: daftari 5, ripoti 2, uongozi 3. Mwaka ujao anabaki hapo hapo ila anapanda darasa, na mwalimu atakuwa mwingine. Nimeomba nionyeshwe ukurasa mmoja alioandika mwalimu huyo, jina la mtoto likiwa limefunikwa. Wameniambia nirudi wiki ijayo.