Metro ya Dubai: ile milango ya kwenye platifomu ndo imenikosha

Wale mnaofuata mzigo Deira acheni teksi jamani pandeni metro. Mi nilipanda stesheni ya Union na mwanangu wa miaka sita, na kilichonikosha sio AC wala usafi, ni ule ukuta wa vioo kati yako na reli, treni ikifika milango ya kioo inafunguka sambamba na ya behewa, mtoto hana pa kudumbukia kabisa.

Unajua treni ikiwa kwenye handaki inasukuma hewa mbele yake kama bomba la sindano, na ikipita kwa kasi bila kusimama ile hewa inayokokota pembeni inaweza kukuyumbisha, kasi ikizidi mara mbili nguvu ya upepo inazidi kama mara nne! Ndo maana stesheni zisizo na vioo wanachora mstari wa njano, sio pambo lile.

Hii metro ya Dubai haina dereva tangu ianze 2009, kwahiyo vioo vinasaidia sana. Mlango ukianza kulia usilazimishe, mshike mtoto mkono, subirini inayofuata, haichelewi. Nyota tano.