Nilivyobadilisha betri ya gari Gerezani

Duka nililolitumia lipo Gerezani, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, katikati ya maduka ya vipuri, na sifa yake kubwa kwangu ni kwamba muuzaji hakukubali kuniuzia betri mpya kabla ya kuipima ile ya zamani. Fundi mmoja wa mtaani kwetu alikuwa amekwisha kuhukumu, kwa kusikia tu mlio wa stata, kwamba betri imekufa, na bila shaka yeye mwenyewe alikuwa na nyingine ya kuniuzia. Lakini stata iliyochoka, terminali zenye kutu na altaneta (kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka) isiyochaji zinaweza kuleta dalili zilezile, na betri mpya ikifungwa penye altaneta mbovu itaisha nguvu kama ile iliyotolewa.

“Kaka, usiharakishe kutoa hela,” aliniambia muuzaji, akaichaji betri hadi alasiri ndipo akaipima. Injini ikiwa imezimwa ilisoma volti 12.5, ambazo si mbaya, kwa kuwa betri nzima iliyojaa husoma takriban 12.6; nilipopiga stata, hata hivyo, ilishuka chini ya 9, na hapo hapakuwa na ubishi tena kwamba betri imechoka. Gari lilipowaka, kwa shida, altaneta ilitoa volti 14.2, yaani ilikuwa inachaji vizuri. Joto la jiji hili hufupisha maisha ya betri, kwa hiyo sikushangaa sana.

Katika kuchagua, tulifuata namba iliyoandikwa kwenye betri ya zamani, 46B24L, ambapo 24 ni urefu wake kwa sentimita na herufi ya mwisho huonyesha terminali ya chanya ipo upande gani. Mteja akichukua yenye R badala ya L, waya huenda zisifike, au, jambo la hatari zaidi, mtu azilazimishe na kufunga chanya penye hasi. Kijana wa duka la jirani alinishawishi nichukue betri kubwa zaidi “kwa ajili ya nguvu”, ingawa isingekaa kwenye trei yake wala kushikwa na kibano, na betri inayochezacheza barabarani huharibika mapema.

Ufungaji ulifanywa kwa utaratibu unaostahili: waya wa hasi ulifunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho, ili spana ikigusa bodi wakati wa kufungua chanya isipige shoti. Terminali zilisafishwa kwa magadi na maji ya moto kabla ya kukazwa, na mvuta sigara mmoja alifukuzwa pale kwa ukali, kwani betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Kasoro niliyoiona ni kwamba fundi wa duka hakuvaa glavu wala miwani, ilhali ndani ya betri mna asidi ya salfa, ambayo ikiruka machoni huhitaji kuoshwa papo hapo kwa maji mengi na kufuatiwa na safari ya hospitali.

Bei ilikuwa shilingi 190,000, ikapunguzwa 25,000 kwa kuwa niliwaachia betri chakavu, ambayo ina thamani kwa sababu ya madini ya risasi yaliyomo. Ni afadhali hivyo kuliko kumwaga asidi yake mtaroni, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi wa chini ya mwembe. Nilidai risiti ya EFD na kuhakikisha tarehe imeandikwa kwenye kadi ya waranti, kwa maana bila hivyo viwili ahadi ya muuzaji hubaki maneno matupu.

Kwa gari la kawaida kama langu ningewarudia bila kusita. Mwenye gari ambalo injini hujizima yenyewe kwenye foleni aulize kwanza kama wana betri ya AGM au EFB, aina zilizotengenezwa kwa magari hayo, kwa sababu pale dukani sikuona hata moja, na betri ya kawaida haihimili kuwasha injini mara nyingi kiasi hicho.