A-Level au IB kwa mtoto anayehamia Nairobi?

Mzazi anayehamia Nairobi kikazi huanza kuulizia karo na bwawa la kuogelea. Heri aanze na mtaala. Shule nyingi za kimataifa hapa hufuata ule wa Uingereza: mitihani ya IGCSE ya mtoto wa miaka 16 hivi, kisha A-Level, ambapo mwanafunzi hubaki na masomo matatu hivi kwa miaka miwili. Mpenda hesabu na fizikia huaga historia bila kinyongo. IB (International Baccalaureate), diploma ya kimataifa inayofundishwa International School of Kenya (ISK) na Aga Khan Academy, haimwachii hivi hivi: masomo sita, matatu kwa kiwango cha juu, insha ya utafiti ya hadi maneno 4,000, na shughuli za kujitolea juu yake. Alama kamili ni 45.

Kwa familia inayohamishwa kila baada ya miaka michache, mimi ningechukua IB. Utaikuta Geneva, utaikuta Dar es Salaam. Ila mtoto aliyekwisha kuamua kusomea uhandisi Uingereza, A-Level inamtosha kabisa.

Halafu kuna foleni ya magari. Ukikaa mtaa wa Karen na shule iko Gigiri, upande mwingine wa jiji, basi la shule litapiga honi getini alfajiri, uji haujapoa. Usilipe kodi ya nyumba kabla mtoto hajapata nafasi.