Vijana wa mkokoteni wa taka, Ibanda, mjini Bukavu: nyota tatu kati ya tano

Bamama wa avenyi yetu wananiuliza kama hawa vijana wanaobeba uchafu wanafaa kulipwa. Wanafaa. Wanachukua dola tatu kwa mwezi, au faranga za thamani hiyo, na wanapita asubuhi mapema wakipiga filimbi. Adabu wanayo, mifuko hawaichani, na wakimwaga maganda njiani wanarudi kuyafagia. Paseli yangu, yaani kiwanja cha nyumba, hainuki tena na nzi wamepungua.

Nyota mbili nimezikata kwa sababu ya chupa. Mimi chupa za maji naziweka peke yake, zimeoshwa, lakini wao wanazitupa juu ya maganda ya ndizi, yote mkokoteni mmoja. Siku hizi siwapi tena. Nampelekea mama mmoja anayeuza mawese sokoni Nyawera, anazipokea kwa mikono miwili. Maganda nayo yanakwenda kwa sungura wa jirani, na mfuko wangu wa taka umebaki mwepesi hadi kijana aliuliza kama tumehama.

Halafu nikawauliza: mkishuka na mzigo huu, mnaumwaga wapi? Mmoja alicheka, mwingine akaonyesha bondeni kwa kidevu. Hapo ndipo dola zangu tatu zinapoishia. Nani asiyejua mvua ya Bukavu? Ikinyesha vilimani, kila kilichotupwa kinaingia mto Kawa, kinafika ziwani Kivu, ziwa linakisukuma hadi mto Ruzizi, na kule kwenye bwawa la umeme la Ruzizi ya kwanza, lililojengwa mwaka 1958, chupa na sashe, hii mifuko ya plastiki, zinajaa mlangoni pa maji hadi watu wanazichota kwa mitumbwi. Mashine zikikwama, umeme unakatika, na sisi tunarudi kununua makala, makaa ya kupikia. Msitu unalipia chupa ya maji!

Sasa mnataka niseme kosa ni la mama wa nyumbani? Amri ya serikali ya Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza na kuuza sashe za plastiki nchini mwetu. Nenda leo ununue samaki wa sambaza uone watakufungia ndani ya nini. Ng'ambo ya mto, Rwanda walipiga marufuku mwaka 2008, na ukivuka na sashe unanyang'anywa mpakani. Mto ni huohuo. Ruzizi ya pili, iliyoanza kazi mwaka 1989, ni mali ya nchi tatu pamoja, Kongo, Rwanda na Burundi, na umeme wake wanagawana. Kama umeme una hesabu ya watatu, gharama ya kuchota uchafu nayo iwekwe mezani na watatu, kisha mji utuonyeshe jalala la kweli, lenye ukuta, mbali na mfereji. Mkokoteni hauwezi kujenga jalala.

Mimi naendelea kulipa. Ukitaka kujiandikisha, wasubiri mwanzo wa mwezi na udai karatasi ya malipo, maana bila hiyo mwezi unaofuata unaambiwa una deni. Na kama nyumba yako iko juu ya ngazi, elewaneni kwanza: jirani yangu wa juu analipa sawa na mimi, na mifuko anaishusha mwenyewe.