Mashine ya mkono ya kukatia marumaru: siisifii wala siiuzi

Nianze na yule kijana wa dukani. Mashine itasubiri.

Nilikwenda Gerezani, Kariakoo, na mpwa wangu wa kidato cha tatu. Nilimchukua anibebee mzigo, basi. Tangu tunaingia dukani hadi tunatoka, muuzaji hakuniangalia usoni. Nauliza mimi, anajibiwa mtoto. "Hii inakata urefu gani?" Anamgeukia mpwa wangu: "Hii, kaka, ni ya sitini, chuma kitupu, utairithisha wanao." Kaka! Mtoto hajaota hata ndevu, na hela ziko kwenye pochi yangu. Mara moja tu alinikumbuka, ilipofika saa ya malipo: "Mama, unatoa kwa simu au keshi?"

Nikalipa. Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipo, na bado linaniuma kuliko zile marumaru zilizovunjika.

Sababu ya kutaka mashine ni fundi. Alitandika sebule vizuri tu, akachukua nusu ya hela ya vyumba viwili vilivyobaki, simu ikawa haipatikani. Nikasema potelea mbali, gundi nimeona inavyopakwa, pima maji ninayo, nitamalizia mwenyewe. Nilichoapa ni kutorudia grenda, ile mashine ya umeme ya kukatia, ndani ya nyumba. Kwa wiki mbili za yule fundi tulikula vumbi. Lilikuwa kwenye sukari, kwenye chandarua, kwenye nywele za mtoto, na mtoto wangu ana pumu. Vumbi la marumaru lina silika, yale madini ya mchanga, na silika ikizoea kuingia kifuani huacha makovu kwenye mapafu. Mafundi wetu wanakata siku nzima wamejifunga fulana puani. Mashine ya mkono haina vumbi la kutaja: inakwaruza mstari juu ya marumaru, unabonyeza, inakatika.

Ndivyo nilivyoambiwa, na ndivyo ilivyotakiwa iwe.

Jumamosi ile nikatandika gazeti chini, nikaweka marumaru ya kwanza. Poseleni, sentimita sitini kwa sitini, ngumu kweli. Ikakatika safi, nikapiga kigelegele. Ya pili ikaacha meno kidogo pembeni, nikasema itafichwa na skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta. Ya tatu mpasuko ulianza vizuri, ukafika katikati ukapinda kama Mto Rufiji unatafuta bahari. Ya nne hivyo hivyo. Nikakaza mkono. Ya tano ikapasuka vipande vitatu. Kufikia magharibi nilikuwa nimeua marumaru saba. Boksi la sitini kwa sitini lina marumaru nne. Piga hesabu mwenyewe, mimi nilishindwa kuipiga usiku ule, nililala bila kula.

Jumatatu nikarudi dukani na mashine, risiti, na mabaki mawili ya poseleni ndani ya mfuko wa salfeti. Kuhusu risiti: mlangoni kwake pamebandikwa ile kauli ya TRA, mamlaka ya mapato: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, na bado siku ya kununua nilidai mara mbili ndipo akaitoa. Chini ya karatasi kuna muhuri wa mkono, wino wa bluu: mali ikishauzwa hairudishwi. Akanionyesha muhuri kabla sijamaliza salamu.

Nikamweleza. Safari hii nilikuwa peke yangu, hakuwa na mtoto wa kumjibu, ikabidi aniangalie. Akasema hivi, nanukuu neno kwa neno: "Mama, mashine haina kosa, mkono ndiyo una kosa. Hii kazi ina wenyewe."

Kazi ina wenyewe.

Akachukua kipande cha marumaru ya ukutani, ile nyembamba laini ya seramiki, akakwaruza, akabonyeza, tak! Ikakatika kama biskuti. Wabeba mizigo waliokuwa mlangoni wakacheka. Mmoja akaniambia nimwite baba watoto. Nikanyamaza. Nikafungua salfeti, nikatoa kipande changu cha poseleni, nikakiweka mbele yake. "Kata hiki."

Akakwaruza. Akarudia. Akarudia mara ya tatu, shingo imemtoka mishipa. Akabonyeza, na mpasuko ukaenda ulikotaka wenyewe. Wale wa mlangoni safari hii hawakucheka. Nikasubiri aseme samahani. Unajua alisema nini? "Hizi marumaru umenunua wapi?"

Za kiwandani hapahapa Mkoa wa Pwani, ndugu yangu, nusu ya mtaa wetu wamezitandika, na yule fundi mwizi alizikata zote bila kulalamika!

Hela hakurudisha. Kubadilisha hakubadilisha. Aliyeniokoa ni mzee mmoja anayetengeneza grenda na drili barazani, milango miwili mbele. Nilikuwa nimeweka mashine chini navuta pumzi. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu. Mbona umekunja uso hivyo?" Akaipindua mashine, akashika kile kigurudumu kidogo cha kukwaruzia, akakitikisa kwa kucha. Kikacheza kulia, kikacheza kushoto. "Unaona? Pini yake imelegea. Na hapa kimeshapata pengo. Hiki kitakukatia seramiki. Poseleni kitaiparura tu."

Yaani shida yote ya siku tatu ilikuwa kwenye kitu kidogo kuliko kifungo cha koti. Duka la jirani likaniuzia kigurudumu kingine cha tungsten carbide, ile metali ngumu, elfu sita. Mzee akakifunga, akakaza na nati za zile reli kinamopita, akakataa hela ya kazi. Nikamwachia ya chai kwa nguvu.

Kisha akanifundisha mambo ambayo muuzaji wa mashine ndiye alipaswa kuyasema. Mstari ni mmoja. Unapita mara moja, kutoka ukingo hadi ukingo, kwa uzito uleule, hurudii. Ukirudia unatengeneza mistari miwili iliyokaribiana, na mpasuko unachagua wenyewe ufuate upi. Kigurudumu kipate tone la mafuta. Na usikilize: mstari mzuri unatoa sauti moja ya kuchana, kama muuza vitambaa anapokata kitenge kipya. Ikikatikatika, hapo mstari haujashika, usibonyeze.

Nikarudi nyumbani. Nikapita mara moja, nikasikia kitenge kinachanika, nikabonyeza. Tak. Nyingine. Tak. Jioni ile TANESCO wakakata umeme, nikaendelea kwa taa ya kuchaji huku jirani mwenye grenda amekaa nje anapunga mbu. Chumba cha kwanza nikakimaliza kwa siku mbili. Kingo zake, ukizipiga msasa kidogo, huwezi kuzitofautisha na za kiwandani. Usiku ule ningekwambia nunua mbili, moja umpe mama mkwe.

Sasa nitakiri jambo, maana najua yule kijana hasomi mambo kama haya. Katika zile marumaru saba, tatu huenda ni zangu. Nilikuwa nakwaruza kwenda na kurudi kama mtu anayekata mbao. Kwa hiyo mkono ulikuwa na kosa kweli, sehemu. Hilo linanikasirisha zaidi. Kama alijua mkono una kosa, mdomo wake ulikuwa na kazi gani? Sentensi moja tu, "mama, usirudie mstari," ingeniokolea karibu boksi zima. Aliona heri anicheke.

Na kuna la sitini. Aliniuzia ya sitini kwa marumaru za sitini, na kwa kukata moja kwa moja inatosha. Varanda nilitaka kuitandika kimshazari, kama almasi. Pembe kwa pembe marumaru ile ina karibu sentimita 85. Haiingii. Haiingii hata ukiisomea dua. Nilimwambia habari ya varanda siku ile ya kwanza, alikuwa anamwonyesha mpwa wangu rangi ya mpini. Varanda imetandikwa sambamba na ukuta kama ya kila mtu.

Mengine si kosa la mashine, ila uyajue. Haikati kona. Ukifika kwenye fremu ya mlango unapotaka kutoa kipande cha pembeni tu, au tundu la bomba chooni, utaitafuta grenda upende usipende. Mimi niliazima ya jirani, nikakatia uani huku mpwa wangu anamwagia maji ili vumbi lisipande. Na ukitaka kuondoa ukanda mwembamba, chini ya vidole viwili, haukatiki, unamegeka. Hapo nilitumia koleo na subira.

Ukienda kununua, beba kipande cha marumaru yako mwenyewe, ikatwe mbele yako, na wakikuletea ile nyembamba ya ukutani waambie asante. Shika kigurudumu ukitikise. Kikicheza dukani, nyumbani kitacheza zaidi.

Wiki iliyopita ningeipa alama nne kati ya tano. Leo asubuhi nimekuta nati mbili za reli zimelegea tena, nimezikaza kwa spana, ikakata vizuri, halafu marumaru iliyofuata ikaacha meno. Sasa sijui. Tatu. Mbili na nusu nikimkumbuka yule kijana. Mpwa wangu anasema, "Shangazi, unaipa alama mashine au unampa muuzaji?" Nimemwambia anyamaze, abebe boksi.

Nimebakiza skatingi ya korido. Jumamosi nakwenda tena Gerezani kununua kigurudumu cha akiba, kwenye duka la jirani yake. Nitapita mbele ya mlango wake taratibu, na kipande cha poseleni mkononi, kimekatwa safi.